Mshono Chini ya Kiti

Tarehe 6 Januari

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako ambaye jua limemchoma pua hadi inafanana na nyanya, lakini uzuri wake bado uko palepale. Mimi mzima. Mgongo mzima. Tumbo ndilo usiseme, linadai chakula saa zote kama askari wa mzani. Natumaini hujambo, goti lako limeacha kulalamika, na yule paka wako mwizi amepata adabu au amepata mchumba, mojawapo. Mama mkwe wangu nilimpitia njiani nikija huku. Anakusalimu, anasema ule mto uliomshonea umemponya shingo, na sasa anaweza kugeuka kuwasema hata watu walio nyuma yake.

Basi nimefika. Unajua mimi dunia hii nimeizunguka. Nimevuka mipaka ambayo wenzangu wanaiona kwenye ramani tu. Nimekula kwa watu ambao lugha yao sikujua hata neno la kuomba chumvi, nikaondoka naitwa shemeji. Kwa hiyo lori lilipoanza kunguruma vibaya nikajua ni giaboksi, nikaliacha gereji, nikasema afadhali, nimepata likizo ya kuifanya ile kazi uliyonituma.

Naitaja kazi yenyewe ili usije ukasema nimeisahau: kumrudisha binti yako nyumbani, kwenye karakana yako ya makochi, kwenye mashine yake. Na najua unavyosema ukiwa peke yako. Unasema mimi ndiye niliyempeleka. Kweli, alipanda lori langu pamoja na makochi ya ile nyumba ya wageni. Makochi yakashuka, naye akashuka, akaona bahari, nikarudi kwako na tela tupu. Tangu siku hiyo unanitazama kama dereva aliyedondosha mzigo njiani.

Nimemwona, Dada. Anafanya kazi kwenye banda moja la mabati hapa ufukweni. Ndani wamepanga kayaki kwenye rafu kama mikate: nyekundu, njano, kijani. Makoti ya kuelea yamening'inizwa kwenye kamba, ukutani kuna ubao mweusi wameandika kwa chaki upepo unatoka wapi na maji yanajaa saa ngapi. Nilipofika alikuwa anawaandaa wageni kwenda kuvua. Watu wazima, wenye matumbo yao na vyeo vyao. Akawaambia, "Kaeni." Wakakaa mchangani, kimya, kama watoto wa shule ya awali. Mimi pia nikajikuta nimekaa, na sikuwa hata nimelipa.

Alinikumbatia. Akanuka chumvi. Huku hawamwiti Sindano kama unavyomwita wewe. Wanamwita Nahodha.

Lile jambo sijamwambia bado. Mpango wangu ni huu: kesho natoka naye baharini kama mgeni, navua samaki mkubwa, anafurahi, ninamletea habari za nyumbani polepole, analia kidogo, tunapanda gari. Mimi niliyepitisha tela kwenye uchochoro wa soko siku ya gulio nitashindwa na mtoto niliyembeba mgongoni?

Ningepiga simu, lakini ulishasema kwamba kwenye simu nacheka mno na ukweli unapotea katikati. Kwa hiyo barua hii inakuja na Masharubu, dereva mwenzangu, anayepita huko kwenu na mzigo wa saruji. Mpe chai.

Mdogo wako,
Breki

*

Tarehe 21 Januari

Breki mdogo wangu,

Barua yako nimeipata ikiwa na doa la mafuta. Mwambie Masharubu barua si kitambaa cha kufutia mikono.

Sisi hatujambo. Goti ni lilelile. Paka amezaa, tena ndani ya kapu la vipande vya velveti, kwa hiyo mchumba alimpata. Mkeo alikuja Jumapili kunisaidia kujaza sponji, tukakusema mpaka tukachoka, kisha tukala. Ni mzima, na watoto wazima. Yule mdogo ameng'oka jino, anasema atakutunzia ulione.

Sasa sikiliza. Mimi sikukutuma ukavue samaki.

Kibao bado kiko juu ya mlango: MAMA NA BINTI, MAKOCHI NA VITI. Rangi haijafifia hata kidogo, na hilo ndilo linaloniudhi. Wateja wapya wananiuliza binti yuko wapi. Nasema amekwenda kununua uzi. Mwaka wa pili huu anakwenda kununua uzi. Mashine yake iko palepale karibu na dirisha, nimeifunika shuka. Fundi wa mapazia wa hapo mbele anaitaka, nami nimemwambia asubiri mpaka mwisho wa Machi. Huyo uliyemfuata akirudi kabla ya hapo, sawa. Asiporudi, mashine inatoka na kibao kinashuka, na habari yake itakuwa imekwisha katika nyumba hii. Sitaki kurudia maneno haya. Mtu hawezi kushinda kutwa anatazama shuka.

Na unasema wanamwita Nahodha. Mimi sina mtoto anayeitwa Nahodha.

Maji ya huko ni ya baridi au ya moto? Nauliza tu.

Dada yako

*

Tarehe 9 Februari

Dada yangu, malkia wa sponji,

Salamu kutoka ufukweni. Nisamehe kwa kuchelewa, kalamu iliisha wino, halafu Masharubu alipita bila kunipigia honi. Hongera kwa wajukuu wa velveti. Niwekee mmoja mwenye tabia mbaya, nitamzoesha kulala kwenye dashibodi. Mwambie mwanangu jino alitunze kwenye kiberiti, nikirudi nitalipigia saluti.

Mimi mzima kabisa. Kiuno kinauma kidogo, lakini hilo halihusiani na chochote.

Acha nikueleze kayaki maana najua hujawahi kuiona. Ni mtumbwi wa plastiki, mrefu kuliko kitanda, mwembamba kuliko jeneza, na hukai ndani yake, unakaa juu. Hauna usukani. Hauna honi. Hauna hata mahali pa kuegemeza kiwiko. Una kafi lenye majani mawili, huku na huku, unachota nalo hivi na hivi, na miguu yako umeinyoosha mbele kama mtu anayesubiri kukatwa kucha. Nyuma yako kuna fimbo za kuvulia zimesimama kwenye matundu yake, na mbele yako hakuna kitu. Ninaposema hakuna kitu, Dada, namaanisha hakuna kitu mpaka mwisho wa macho.

Nilitoka, nikavua. Kolekole, mkubwa kama mlango wa choo. Ana paji la uso kama bondia. Alinivuta kidogo, nikamvuta kidogo, tukaheshimiana. Picha hakuna, kwa sababu mwenye kamera alikuwa ameshikwa na butwaa. Ukisikia habari nyingine kutoka kwa Masharubu, kumbuka huyo ni mtu anayetia chumvi mpaka kwenye chai.

Kuhusu lile jambo, bado natafuta saa nzuri. Si kitu cha kuropoka. Yeye yuko kazini tangu alfajiri, kisha kuna kuosha kayaki kwa maji baridi, kuosha makafi, kuosha fimbo, kuosha kila kitu mpaka unadhani ni hospitali. Namsaidia. Nimelikarabati tela lao la kubebea kayaki, lilikuwa limefungwa na mtu asiyejua kamba, aibu tupu. Siku hizi mimi ndiye ninayeendesha pikapu yao. Ni kwa muda tu, maana lori langu bado liko gereji. Kuna kipuri kinasubiriwa kutoka ng'ambo.

Maji ni ya vuguvugu. Asubuhi ukitia mguu unadhani kuna mtu ametoka kuyaoga sasa hivi.

Ndimi,
Breki

*

Tarehe 24 Februari

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mkeo anakusalimu na anauliza kama bado ana mume. Watoto wa paka wamefungua macho. Goti limepoa kidogo kwa sababu mvua imekatika.

Masharubu alikaa kwenye kochi langu, akamaliza chai yote iliyokuwa kwenye chupa, akaanza kusema bila kuulizwa. Lori lako lilipona kabla hujaniandikia ile barua ya kipuri. Limesimama nyuma ya gereji, na mwenye gereji anakuomba ulitoe kwa sababu kuku wake wameanza kutagia chini ya kiti chako. Kiti nilichokushonea mimi.

Na si hilo tu. Amesema ulifunga kamba kiunoni, samaki akakuburuta mpaka nje ya mwamba kwenye maji makuu, na huyo niliyekutuma umrudishe ndiye aliyekufuata. Ni kweli? Breki, wewe hujui kuogelea. Mimi ndiye niliyekutoa kwenye pipa la maji ya mvua ulipokuwa unajifunza kutembea, miguu ikiwa juu, na ulipotoka ulikuwa unacheka.

Niandikie sasa bila vichekesho. Au weka vichekesho vyako, najua huwezi kupumua bila hivyo, lakini ukweli uwe juu yake uonekane. Umemwuliza au hujamwuliza? Kama hujamwuliza, kwa nini? Fundi wa mapazia alikuja tena, akafunua shuka bila kuniomba ruhusa, nikampiga mkono kwa rula ya kukatia. Lakini nimempa neno langu, na Machi haiko mbali.

Hayo makoti ya kuelea, wanavaa wageni tu au na wao wanavaa?

Dada yako

*

Tarehe 8 Machi

Dada yangu, mama yangu wa pili,

Salamu. Nimegeuza ndoo hapa bandani nikaikalia, na goti langu ndilo meza. Mimi mzima. Mwambie mke wangu mume anaye, tena amekonda tumbo, atamfurahia. Mpwa wangu mzima. Koti la kuelea huvaa yeye kwanza kabla ya mgeni yeyote, na mgeni akifungua kifungo hata kimoja safari haiondoki. Nimelijibu hilo mwanzo kwa sababu najua ndilo utakalolitafuta ukifungua bahasha.

Sasa kaa vizuri. Lori limepona. Nimebaki kwa kupenda. Na yote aliyosema Masharubu ni kweli, isipokuwa kwamba nililia. Yale yalikuwa maji ya bahari.

Tulitoka watatu: mpwa wangu, mimi, na daktari mmoja wa meno aliyekuja kupumzisha masikio yake. Kabla ya kushusha kayaki mpwa wangu alitusomesha. "Fimbo inafungwa kwenye kayaki," akasema. "Kafi linafungwa kwenye kayaki. Kisu, chupa, kofia, fungeni. Mtu hafungwi na kitu chochote." Hilo la mwisho alilisema ananitazama mimi.

Sasa mimi ni mtu wa mizigo. Maisha yangu yote nimejua kwamba kisichokazwa kinaanguka, na kinaangukia mbele ya polisi. Nikaitazama ile kamba yao ya kufungia fimbo, nyembamba kama kamba ya kiatu, nikaiona ni dharau. Nikatoa kamba yangu ya turubai mfukoni. Nikafunga fimbo upande mmoja, upande wa pili nikauzungusha kiunoni mwangu, nikapiga fundo langu, lile ambalo hata mvua ya milimani haijawahi kulilegeza. Nikafunika na koti. Na kile kigurudumu cha mshipi wa kuvulia, ambacho tuliambiwa tukiache kilegee kidogo ili samaki akivuta mshipi utoke, nikakikaza mpaka mwisho kama boliti ya tairi. Nikajiambia, leo watoto hawa watajifunza kitu.

Tukapiga makafi. Dada, maji yalikuwa hayaonekani. Sijui niseme vipi. Nilitazama chini nikaona kivuli changu kinatembea juu ya mchanga, mbali kule chini, kama kivuli cha ndege. Nikashika kingo. Nimeendesha kando ya makorongo ambayo jiwe likidondoka husikii likifika, lakini huko kulikuwa na barabara chini ya tairi. Hapa nilikuwa nimekaa juu ya kitu ambacho hakipo. Taa mmoja, yule samaki bapa, akapita chini yetu anapunga mabawa yake, hana haraka, kama mtu anayekung'uta shuka uani. Daktari akasema, "Ala." Ni neno pekee alilolisema mpaka mwambani.

Mwambani rangi inabadilika ghafla. Kijani hapa, wino pale, kama umekata vitambaa viwili ukaviunga na mshono usionekane. Mpwa wangu akasema tutupe mishipi ukingoni, tusivuke. Nikatupa.

Kilichonishika sikukiona. Nilisikia tu kiuno kimeondoka na mimi nikakifuata. Kayaki ikageuka yenyewe. Maji yakaanza kulia ubavuni. Nilipita karibu na daktari kwa kasi, nikaona anafungua mdomo kama wagonjwa wake, halafu sikumwona tena. Mwamba una mlango, na huyo samaki anaujua mlango. Tukatoka kwenye kijani, tukaingia kwenye wino. Nyuma nikasikia, "Mjomba! Legeza!" Mimi nikakaza. Mikono ilikuwa haina habari nyingine. Maisha yangu yote mimi ndiye ninayevuta, Dada. Siku ile nilikuwa mzigo.

Hakupiga kelele ya pili. Nilishangaa kuona ncha ya kayaki nyekundu imekuja ubavuni mwangu, na yeye juu yake, kafi linaingia na kutoka bila hata kurusha tone. Akanifunua koti. Akaiona kamba. Akanitazama usoni.

"Mjomba, barabarani wanakuitaje?"

"Breki," nikasema.

"Basi toa miguu nje, pande zote mbili. Huku breki ndiyo hiyo."

Nikatoa miguu, nikaitumbukiza majini mpaka magotini, huku na huku, kama mtu aliyepanda punda. Na kweli, kayaki ikaanza kusita. Akasema, "Unafungua fundo au nikate?" Nikajaribu. Vidole vilikataa, na fundo lilikuwa zuri mno, nililipiga mwenyewe. Nikasema kata. Mtu mzima mimi, nikasema kata, tafadhali. Akapitisha kisu kati ya kamba na tumbo langu kama unavyopasua mshono mbovu wewe, mara moja, bila kugusa kitambaa.

Hapohapo mvuto ukakoma. Mshipi ukalegea. Nikadhani samaki amekatika. Kumbe anapanda. Nikamwona kolekole mwenyewe, fedha tupu, anapanda polepole na chambo changu kimening'inia mdomoni, na wenzake kumi na zaidi pembeni yake, wote wamepanga mstari kama pikipiki za msafara. Nikajiuliza msafara wa nani.

Halafu chini yao giza likaanza kuwa na madoa.

Kumbuka zile safari za usiku nilizokusimulia, unapotoka mlimani na kuuona mji wote kule chini, taa zake zote, na hujui mji ni mkubwa kiasi gani mpaka uwe katikati yake. Ndivyo ilivyokuwa. Madoa meupe, mistari na mistari, yanapanda. Kichwa chake kipana na bapa kama boneti. Mdomo umefunguka, mpana kiasi cha kuniingiza mimi na kiti changu, na ndani hakuna meno, maji tu yanaingia. Mpwa wangu akasema kwa sauti ya chini, "Potwe. Papa asiyeuma. Mjomba, iache miguu majini. Mwache apite."

Akaukata mshipi wangu, ndoana isije ikamchoma mgeni huyo. Kwa mkono akampa daktari ishara akusanye mishipi yake. Halafu akalaza kafi magotini, akavua kofia. Daktari alikuwa amefika, hana kofia, akavua miwani.

Alipita chini yangu, Dada, na miguu yangu ilikuwa bado majini. Mgongo wake ukanigusa wayo. Kama msasa. Akapita, akapita, akaendelea kupita. Mimi nimeendesha tela refu kuliko sheria inavyotaka, nami nakwambia ningemwegesha huyu kando ya tela langu watu wangetazama tela kwa huruma. Mkia ulipofika ulikwenda upande mmoja, ukafikiri, ukarudi upande wa pili. Kayaki zetu zikainuka kidogo, zikashuka. Na yule kolekole akaenda naye, chambo mdomoni, hakunikumbuka hata kidogo.

Mimi, Dada. Mimi sikusema neno. Nilikuwa na maneno mengi niliyotumwa nayo, nimeyapanga njia nzima kama makreti: karakana, kibao, mashine, mama yako anazeeka. Nikayatafuta, sikulikuta hata moja. Nilimtazama mtoto yule, nywele zimeganda chumvi, kofia kifuani, anamtazama potwe anavyozama mpaka taa ya mwisho ikazimika. Alikuwa na uso ule unaokuwa nao wewe ukimaliza kochi na mteja bado hajaja kulichukua.

Ufukweni sikushuka upesi. Nikabaki nimekaa kwenye kayaki mchangani kama mjinga, mikono chini ya mapaja, na kidole changu kikapita chini ya kiti. Zile kayaki huja na viti vya plastiki, vigumu. Hiki kilikuwa kimeshonwa. Kidole kikafuata uzi. Mshono unakwenda mbele, unarudi nyuma, unakwenda tena, na pembeni umekunjwa ndani mara mbili ili usikwaruze. Dada, mshono huo ninaujua. Nimeukalia barabara zote nilizopita. Nikaenda bandani nikageuza viti vya kayaki zote. Vyote.

Amevishona kwa mkono. Mashine hakuna huku.

Hapo ndipo nilipomwuliza, na nilipokuandikia barua ya Februari kwamba natafuta saa nzuri nilikuwa nimeshamwuliza. Nilishindwa tu kukuandikia jibu. Alikuwa anaosha kafi. Akasema, "Mwambie mama sirudi." Hakulisema kwa ubaya. Akaosha tena palepale palipokuwa pameshakuwa safi. Akaniuliza kama bado unakata kitambaa na chaki umeishika kwa meno. Nikasema sijui, nikija mimi huwa unaitoa ili unitukane. Akacheka. Kisha akasema, "Wageni walikuwa wanarudi na migongo inauma, nikaanza kuwashonea viti. Wa mabanda mengine nao wanavitaka. Kidole kimeota sugu, Mjomba. Kama ningekuwa na..." Akaishia hapo, akaliinua kafi akalipeleka ndani. Mimi simmalizii mtu sentensi yake.

Basi mzigo ulionituma nimeshindwa kuurudisha. Kuhusu mashine na kibao, fanya uonavyo. Lori nitalitoa, waambie kuku wajiandae. Ila nakuomba jambo moja, nami siombi mara nyingi. Potwe hana ratiba. Nahodha anasema siku nyingine hupita, siku nyingine hapiti, na msimu wake unakwenda ukingoni. Ningependa uwe umekaa pale siku atakapopita. Mimi siwezi kukusimulia. Hii yote niliyoandika hapa si chochote.

Mdogo wako,
Breki

*

Tarehe 29 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo. Watoto wa paka wamegawiwa, wako mwenye tabia mbaya yuko kwa mkeo, amekwishakula pazia. Goti ni zima kiasi cha kupanda gari refu.

Barua yako niliisoma karakanani mlango ukiwa umefungwa, kisha nikaisoma tena. Sina la kusema kuhusu kamba kiunoni. Ulikuwa hivyohivyo kwenye pipa.

Fundi wa mapazia alikuja asubuhi na mkokoteni wake. Nikamwambia neno langu nimelivunja na anisamehe, mashine ina safari. Amekasirika, nimempa kochi dogo la dirishani, amepoa. Masharubu anakuletea mashine hiyo pamoja na barua hii. Nimeifunga mwenyewe kwenye tela, kwa fundo lako. Mashine nadhani inaruhusiwa kufungwa.

Mwambie Nahodha kwamba chumvi inakula chuma. Aifute na kuipaka mafuta kila akimaliza, asingoje wikendi. Na kwenye viti vya baharini asitumie uzi wa pamba, utaoza, nimemwekea wa nailoni kwenye droo. Mwambie chaki bado naishika kwa meno. Kibao sijakishusha. Wateja wakiniuliza nawaambia binti uzi ameupata, sema alikoupata ni mbali kidogo.

Ndani ya mfuko wa bluu kuna kiti kimoja cha kayaki. Nimekishona juzi usiku na jana. Usimpe mgeni yeyote akikalie, hata yule daktari wa meno. Ukikitazama utacheka, utasema dada yako macho yamekwisha, kiti kimekuwa kipana mno. Sikukosea. Nimekipima mwilini mwangu.

Dada yako